Viwavi Katika Matete ya Ogari

Kabla ya tete lile kufika, kinamasi kilikuwa mali ya wanawake. Mwanamume hakuwa na kazi huko chini ila kunywesha ng'ombe na kuondoka. Wanawake ndio waliojua mahali pa kukanyaga na mahali panapomeza mguu hadi gotini. Ndio waliopanda nduma kwenye matope meusi, na ndio waliochota maji kwenye chemchemi iliyotoka chini ya jiwe, maji baridi ya kuuma meno. Bonde lenyewe liko chini ya barabara ya Keroka, ukielekea upande wa Nyamira, mahali ambapo kila boma lina ukanda wake wa mteremko: pareto juu, migomba katikati, maji chini.

Bosibori aliolewa katika mteremko huo na Ogari, mtu mrefu, mcheshi, asiyeweza kukaa kitako mpaka chai ipoe. Ogari alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni, akawa anakuja nyumbani kwa vipindi. Msimu mmoja, Uhuru ukiwa bado haujafika lakini watu wakiwa tayari wameshaanza kuuimba, alikuja na gunia lililolowa maji. Bosibori alidhani ni nyama. Kumbe ni vipande vya kitu kama muwa, vyenye macho ya kuchipua.

"Si muwa huo," Ogari alimwambia. "Hiyo ni dari."

Akamweleza. Kule kazini kulikuwa na nyumba ya Mhindi mmoja ambayo ndani yake, chini ya paa, kulikuwa kumepangwa matete marefu, moja kando ya jingine, yakashonwa kwa kamba. Yalikuwa na rangi ya ndizi iliyoiva. Ukilala chini yake huoni masizi, huoni mjusi, wala vumbi la nyasi halikuangukii machoni. Bosibori, ambaye tangu aolewe alikuwa anafunika maziwa kwa jani la mgomba ili masizi yasiingie, alisikiliza jambo hilo kama mtu anayesimuliwa habari za mbinguni.

Ogari akayapanda matete hayo pembeni mwa kinamasi, upande wake. Hayakuwa matete yetu ya zamani, yale membamba ya kuwashia moto. Haya yalikuwa na bua nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na majani yake yalikata ngozi. Yalipofika kiunoni, Ogari akasikia kuna kazi nzuri ya miwa Uganda, karibu na Jinja. Siku ya kuondoka, mkewe alimsindikiza mpaka pale chini, si mpaka barabarani, kwa sababu Bosibori hakutaka watu wa barabarani waone macho yake.

"Usimruhusu mtu ayakate," Ogari alimwambia. "Yakikomaa nitakuja niyakate kwa mkono wangu mwenyewe, nikuwekee dari."

"Na yakikomaa kabla hujarudi?"

"Yatangoja. Tete si maziwa, haliwezi kuganda."

Akacheka, akavuka kijito kwa kurukia jiwe, akapanda mlima. Hakugeuka. Wanaume wa kwetu hufundishwa kwamba msafiri akigeuka anaiacha safari yake njiani. Bosibori alilijua hilo, lakini alisimama mpaka shati likawa doa, na doa likawa si kitu.

Yalikomaa. Yalitoa mashada yake meupe juu, kama mikia ya ng'ombe, na Ogari hakuja. Mwaka wa kwanza alituma salamu na kitambaa cha kichwa. Mwaka wa pili salamu peke yake. Kisha hata salamu zikawa za kuokota njiani, fulani kasikia kwa fulani. Uhuru ukaja, watu wakachinja. Loice, binti yao, akakua, akaolewa huko Keroka, na ng'ombe wa mahari yake walipokelewa na baba yake mdogo, maana baba mwenyewe hakuwapo kushika kamba. Siku ile Bosibori alipika, akacheka na wageni, akawashinda wote kwa kuimba. Jioni akashuka kinamasini.

Kushuka huko ilikuwa desturi yake. Jua likielekea kuzama alichukua mtungi hata kama mtungi wa nyumbani ulikuwa umejaa, akaenda kusimama kando ya matete. Upepo wa jioni ulipoingia humo ndani, majani yalisuguana, na sauti ile ilikuwa sawa na ya mtu anayepita kwenye shamba la miwa akiyatenga mabua kwa mikono miwili. Mtu mzima mwenye akili zake anajua upepo ni upepo. Bosibori alijua. Alisimama tu.

Lakini tete, kama mtu wa kuja, lilianza kujisogeza. Mafuriko yalivunja vipande vyake yakavipeleka chini, na kila kipande kilipolala kikaota. Likameza nduma za jirani wa kwanza, likameza za wa pili. Mwisho likaingia chemchemini, mizizi yake ikalikumbatia lile jiwe, na maji yakawa ya kuchujwa kwa kitambaa. Watu waliliita tete la Ogari, na kwa kufupisha wakaliita Ogari tu. Ogari ameingia kwa fulani. Ogari amekula njia. Jirani yake mkubwa, Nyanchera, mwanamke mwenye maneno na moyo mweupe, ambaye yeye na Bosibori waliletwa mteremkoni hapo mwaka mmoja wakiwa maharusi wote wawili, alisimama siku moja na debe tupu kichwani.

"Mama Loice," akasema, "mume wako amekalia kisima changu."

"Mwambie asogee," Bosibori akamjibu. "Wewe si ndiye unayejua kusema na waume za watu?"

Walicheka mpaka debe likaanguka. Lakini wiki ile ile Nyanchera na wenzake walichoma moto kinamasini, Bosibori akiwa sokoni. Alirudi akakuta majivu. Akaingia ndani, hakuonekana hadi kesho yake. Mvua ilipokuja, tete likachipua maradufu, kijani kuliko mwanzo, na Bosibori akatembea njiani kichwa juu kama aliyeshinda kesi.

Sasa kuna jambo la paa, na asiyelielewa hataelewa yaliyofuata.

Nyumba ya Bosibori ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimechoka. Mvua ikinyesha alihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile, akatega mabeseni. Angeweza kuezeka mwenyewe. Alikuwa na mikono. Ila katika Gusii mwanamke hapandi juu ya paa mume akiwa hai. Akipanda, amemtangazia kifo. Na mwanamume mwingine akipanda paa la mwanamke ambaye mumewe amekawia, basi huyo ameingia nyumbani kama mume, hata kama alishuka upande wa pili akaenda zake. Manasseh, ndugu mdogo wa Ogari, alikuwa amefiwa na mke, alikuwa mtu mpole wa kanisani, na kila masika alipita njiani akiwa na mzigo wa nyasi begani, akauliza kama shemeji yake angependa paa litazamwe. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Bosibori alimjibu kila masika kwamba paa lake halijamwomba mtu kitu.

Ndipo ukaja ule mwaka Wakenya walipofukuzwa kazini Uganda. Walirudi kwa makundi, wengine na magodoro, wengine na nguo walizovaa. Kila aliyeshuka Keroka na mzigo, Bosibori alikuwa ameshamwona kabla hajatua. Ogari hakuwa kati yao. Mwishowe, siku aliyokuwa amepeleka ndizi soko la Daraja Mbili, mwanamume mmoja alisimama mbele ya mikungu yake, akamtazama sana, akamuuliza kama si yeye mke wa Ogari. Jina lake lilikuwa Omwenga, mtu wa Suneka, na walikuwa wamefanya kazi pamoja karibu na Jinja.

Omwenga alizunguka maneno kama mbwa anayetafuta pa kulala. Alisifu ndizi. Aliuliza bei yake. Mwisho akasema Ogari alikuwa mzima alipomwacha, hakufukuzwa, kwa kuwa alikuwa ameoa huko na watu wa mke walimficha. Baadaye walihamia mbele zaidi, hakujua wapi. Ana watoto. Ana nyumba nzuri.

"Nyumba ya namna gani?" Bosibori akauliza.

"Ya matofali. Ndani ameweka dari ya matete, ameyapanga vizuri sana. Kila mtu aliisifia."

Bosibori alimfungia ndizi katika majani, akamwambia azichukue, ni zawadi, kwa ajili ya habari. Omwenga alipokwisha kwenda, akamgeukia mwanamke aliyeuza jirani yake, akasema mtu yule ni mwongo, watu wa Suneka husema chochote ili wapewe ndizi. Akauza zilizobaki, akarudi.

Habari haina miguu lakini hufika. Wazee wa ukoo wakaja, na Manasseh nyuma yao akiwa ameinamisha uso. Walisema kwa heshima. Walisema mtu aliyekwenda akaoa na kuhama ni sawa na aliyekufa, pengine amezidi, kwa maana aliyekufa hana la kufanya. Walisema nyumba inavuja. Walisema Manasseh ni damu ile ile. Bosibori aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea bondeni ambako matete yalisimama mbele ya macho yao, marefu kuliko watu wawili, mashada meupe yakiyumba.

"Siku matete ya Ogari yatakapoisha kinamasini," akasema, "siku hiyo nitakubali kwamba Ogari hayupo."

Wazee wakatazamana, wakaanza kucheka, hata yeye akacheka kidogo. Lilikuwa kama kusema siku kijito kitakapopanda mlima. Moto ulikuwa umeshindwa, jembe limeshindwa. Wakanywa uji wao wa wimbi, wakaondoka, na neno likabaki limesimama pale kama kigingi.

Ukaja kiangazi kibaya. Na jioni moja Bosibori alisimama kando ya matete, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya, lakini alisikia sauti. Ilikuwa ndogo sana, kama mvua ya mbali kwenye majani makavu. Akatazama juu, mbingu nyeupe. Akasogea, akaweka sikio kwenye bua.

Sauti ilikuwa ndani.

Alipotazama vizuri aliona tundu, dogo kama la sindano ya gunia, na chini yake unga uliomwagika kwenye jani. Akaona jingine, na jingine. Akapinda bua likavunjika bila kelele, na ndani, katika chumba kati ya kifundo na kifundo, alikuwamo kiwavi mnene, mweupe kama punje ya mahindi iliyochemshwa, kichwa cha kahawia, anakula kuta za nyumba yake. Bosibori alimtazama. Kiwavi akaendelea kula, kama mgeni asiyemwona mwenye mji.

Tangu hapo hakupumzika. Kwanza alijaribu majivu. Kisha pilipili iliyotwangwa, mpaka akawa anapiga chafya bonde zima linasikia. Halafu akakumbuka kitu alichokuwa nacho mteremkoni kwake, kitu ambacho Wazungu walikuja kukitafuta kutoka mbali kwa sababu ya kuua wadudu. Pareto yake ilikuwa imechanua. Badala ya kuchuma maua na kuyapeleka kwenye chama cha ushirika kama kila mtu, aliyaanika, akayatwanga kwenye kinu, akashuka na unga ule katika kitambaa, akawa anakung'uta bua kwa bua, jani kwa jani, macho yamevimba, mikono imechubuka.

Nyanchera alimkuta huko akasimama, mikono kiunoni.

"Mama Loice, hiyo ndiyo sukari na chumvi na mafuta ya taa, unaipaka Ogari poda?"

Bosibori hakugeuka. "Ni pareto yangu."

"Ni yako. Lakini wadudu hao ni wangu. Mimi ndiye niliyewaomba."

Na kweli aliwaomba. Sabato iliyofuata, wakati wa shukrani, Nyanchera alisimama kanisani na kitambaa chake cheupe, akamshukuru Mungu aliyepeleka nzige Misri kwa kutokuwasahau watu wa chemchemi, akamwomba awaongezee viwavi meno. Kabla hajakaa vizuri, Bosibori naye akasimama safu ya mbele, akamwomba Mungu huyo huyo awafunge vinywa wadudu waharibifu na majirani waharibifu. Mzee wa kanisa alikuwa amekwisha kusema amina kwa ombi la kwanza. Akatangaza wimbo. Watu waliimba wakiwa wameficha nyuso vitabuni, na mabega yao yakitikisika.

Manasseh peke yake hakucheka. Alikuwa na la kupata katika jambo lile, na pengine ndiyo sababu hakucheka.

Baadaye bwana shamba akaja. Aliitwa Issack, kijana wa Kiislamu wa Kisii mjini, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo, na alikuwa amesikia kwamba kuna mama ambaye pareto yake haifiki kwenye mizani ingawa shamba lake limechanua. Alikuja kumkaripia. Lakini Bosibori alimpeleka moja kwa moja kinamasini, akamwambia kama yeye ni bwana shamba basi hili ni shamba, atibu.

Issack alivua viatu, akakunja suruali, akaingia matopeni. Alipasua mabua mengi kwa kisu. Alimwonyesha kiwavi mdogo, na mkubwa, na aliyejifunga kwa nyuzi akingoja, na mwisho nondo mwenyewe, mama yao, mdogo, rangi ya majani makavu, ametulia kwenye jani kama kipande cha jani.

"Mama, huyu hutaga mayai huku nje," akasema. "Lakini mtoto akishaanguliwa anatoboa bua anaingia, anafunga mlango. Dawa yako inabaki nje, uani. Imewaua nani? Sisimizi. Hao sisimizi ndio waliokuwa wakila mayai."

Bosibori alitazama chini. Ni kweli sisimizi walikuwa wamelala kwenye majani kama majani ya chai yaliyomwagika.

Issack hakusema kwa majivuno, alikuwa na huruma, na hilo lilimuudhi Bosibori zaidi. Aliendelea kupasua, akashangaa. Akasema hajawahi kuona wadudu wengi hivi mahali pamoja. Kwa kawaida watu hukata matete kila mwaka, kwa ua, kwa ghala, na viwavi huondoka pamoja na mabua. Hawapati nafasi ya kuzaana. Haya yameachwa yakazeeka yamesimama. Kila bua kuukuu ni nyumba, na kila mwaka nyumba zimezidi.

"Nani alikataza yasikatwe?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Bosibori alifungua kinywa kumjibu kwamba yuko safarini. Ndilo jibu alilompa kila mtu miaka yote, nalo lilikuwa limelainika mdomoni kama mpini wa mwiko uliotumika sana. Siku ile halikutoka. Alisimama kwenye matope, na karibu naye, ndani ya kila bua, sauti ile ndogo ikiendelea bila haraka. Aliona yote kwa pamoja. Alikuwa ameyalinda dhidi ya kila panga, dhidi ya Nyanchera na moto, ili mkono mmoja tu uyaguse. Na kwa kuyalinda hivyo amewalisha hawa. Uaminifu wake ndio uliowanenepesha.

"Kuna dawa?" akauliza mwishowe.

"Yakate, mama. Yaliyo mazima uyatumie. Mengine waachie, watakumalizia kazi ambayo bonde zima limeshindwa."

Kesho yake asubuhi watu wa mteremkoni walisikia panga kinamasini. Nyanchera alikimbia akidhani kuna mtu amevamiwa, akamkuta Bosibori peke yake, sketi ameifunga kiunoni, anakata. Bua lililokuwa na viwavi lilivunjika kabla ya panga kuzama, likamwaga unga. Lililokuwa zima lilitoa sauti ya kweli. Alikuwa akigonga kwanza kwa mpini, akisikiliza, kama mtu anayechagua nyungu sokoni. Kwa kila zima moja aliacha mengi. Nyanchera akashuka akaanza kubeba.

Matete mazima yalipokwisha kukauka, yalikuwa machache. Hayakutosha nyumba. Yalitosha chumba cha kulala tu, juu ya kitanda. Bosibori akaburuta meza katikati, akapanda, na Nyanchera akawa anampitishia matete na kamba za mgomba.

"Umepanda juu," Nyanchera akamwambia kutoka chini. "Na unasema mume yu hai."

"Nimepanda meza. Meza si paa."

"Nani kakufundisha sheria?"

"Nyamaza, lete kamba."

Aliyapanga moja kando ya jingine, akashona. Hakuwa amewahi kuona dari ya namna ile. Aliifanya kwa maneno tu, maneno aliyoambiwa akiwa msichana bado mwenye harufu ya arusi, na aliyakumbuka yote: wapi kamba inapita, upande gani wa bua unatazama chini. Ilipokwisha, ilikuwa na rangi ya ndizi iliyoiva, kama alivyoambiwa. Nyanchera alikaa kitandani akaitazama muda mrefu, akasema ni nzuri kuliko ya kanisa. Bosibori alitoka nje akaenda kuosha mikono, na kuosha huko kulichukua muda.

Viwavi walimaliza kazi yao. Matete yaliyobaki yakawa manjano, kisha ya kijivu, yakaanguka moja juu ya jingine. Mizizi iliyojaribu kuchipua ilitoa vijiti dhaifu, na vijiti hivyo navyo vikatobolewa. Wanawake waliingia na majembe wakang'oa vilivyobaki, na safari hii vikang'oka. Siku moja jiwe la chemchemi likaonekana.

Wazee wakaja. Walikaa chini ya paa linalovuja, wakasifu dari, mmoja wao akasema kwa upole kwamba dari ya matete haizuii mvua, italowa, itaoza. Bosibori alijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkumbusha neno lake, kwa kuwa walimpenda, na pia walimwogopa.

Yeye mwenyewe akawaondolea mzigo.

"Nilitoa neno," akasema. "Matete yamekwisha. Ogari hayupo."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema unga umekwisha. Manasseh alinyanyua uso. Bosibori akamgeukia.

"Lakini shemeji, nilisema nitakubali kwamba yeye hayupo. Sikusema nitakubali kwamba wewe upo."

Mzee mkubwa aliangusha fimbo kwa kucheka. Hata Manasseh, baada ya kitambo, alicheka, akajifuta macho, na huenda si kwa kicheko peke yake. Ndipo Bosibori, kwa kuwa kiburi si ukatili, akamwambia kwamba sasa nyumba hii ni ya mjane, na paa la mjane shemeji anaweza kuliezeka mchana kweupe, akala ugali wetu, obokima, na kuku, akaenda kwake, na asiwepo wa kuzungumza. Kama bado anazo zile nyasi.

Manasseh alikuwa nazo.

Siku ya kuezeka, mguu wake ulipokanyaga ngazi, Bosibori alichukua mtungi akaondoka. Hakutaka kuona mtu juu ya paa lile. Alishuka kinamasini, wanawake walikuwa wanapanda nduma, wakamkaribisha kwa makelele, na Nyanchera akamwekea miche mkononi bila kuuliza. Akapanda. Maji yalitoka chini ya jiwe vile vile kama zamani, baridi, ya kuuma meno. Jioni wenzake walipopanda nyumbani yeye alibaki kidogo, kwa mazoea. Upepo ulikuja kwa wakati wake, ukapita bondeni, ukaenda zake. Hapakuwa na kitu cha kuushika ukatoa sauti.

Paa jipya halikuvuja hata tone. Dari ilibaki kavu. Lakini Bosibori, pamoja na kugonga kote kwa mpini, alikuwa amekosea mabua machache. Mchana alipojilaza baada ya shamba, aliisikia ile sauti juu yake, mvua ya mbali kwenye majani makavu, na asubuhi alikuta unga mwembamba kwenye blanketi. Nyanchera alimwambia awashe moto wa pilipili, wafe, la sivyo watamwangushia dari yote kichwani. Loice, alipokuja kutoka Keroka, alisema vivyo hivyo.

Bosibori aliwajibu wote kwamba atafanya. Hakufanya. Kila asubuhi alikung'uta blanketi mlangoni. Na msimu wa nondo ulipofika, walipoanza kutoka mmoja mmoja katika matete, rangi ya majani makavu, wakipapatika kutafuta mwanga, alifungua dirisha, akakaa kitandani, akawangoja watoke wote kabla ya kulifunga.